Gari la rimoti: kona za kushoto liko sawa, kulia linarusha mkia. Nimepima kila kitu

Fundi_Ndeeba

Wakubwa shikamooni, rika langu habari za leo. Nina swali, na mkitaka kucheka chekeni kwanza mmalize, maana anayeuliza ni fundi wa alaimenti. Huu mwaka wa 19 niko Ndeeba, Kampala, nanyoosha magurudumu ya watu: Ipsum, Noah, Premio, pikapu za mchanga, mara mojamoja lori la Mkongomani linalorudi Mpondwe. Mteja akisema gari linavuta upande, namwambia akanywe chai, akirudi limenyooka. Sasa nimeshindwa na kigari cha kilo moja na nusu, na wanangu wanajua.

Gari ni Tamiya TT-02, la skeli ya 1/10, la lami, magurudumu yote manne yanavuta. Mota ni ya brashi, saizi 540. Gia ni zilezile za kwenye boksi, meno 70 kwa 22. Bushi za plastiki nilizitoa nikaweka beringi. Shokamzoba nimeweka za mafuta, na mikono ya juu nimeweka ile ya kurefusha na kufupisha ili nipate kurekebisha kemba, yaani mwinamo wa tairi. Betri ni lipo ya seli mbili.

Tunakimbiza Jumapili asubuhi, watu sita hivi, kwenye maegesho ya godauni moja kule Industrial Area. Lami ni ya zamani, ina nyufa, na vumbi jekundu linarudi hata ukifagia mara ngapi. Njia tunaichora kwa mipira chakavu ya kumwagilia maua. Askari wa geti ndiye mshika saa wetu.

Tatizo lenyewe: kona za kushoto linaingia kwa uvivu kidogo, kama lori lenye mzigo, ila limetulia. Kulia, nikigusa tu usukani, mkia unatoka kabla pua haijaingia. Ipo kona ya kulia mbele ya geti, mwisho wa mstari mrefu. Jumapili iliyopita nilizungukia pale mara nne ndani ya dakika tano. Mara ya nne gari lilisimama likinitazama usoni, na askari akasahau saa kwa kucheka.

Nilichopima: kemba digrii 1.5 kila gurudumu, matairi yameinamia ndani. Ya nyuma yanatazamana, digrii 2.5 kila moja. Ya mbele yamenyooka. Nimevuta uzi kutoka nyuma hadi mbele pande zote mbili kama ninavyofanya kwenye gari la mtu, hakuna hata nusu milimita ya tofauti. Kimo nimepima kwa kupitisha kekee ya milimita 6 chini ya tumbo, mbele katikati na nyuma katikati, inapita kwa kugusa. Matairi nimebadilishana, ya kushoto nikayaleta kulia. Ugonjwa ukabaki palepale.

Linafanya hivyo hata nikiachia mafuta. (Mafuta gani, lina betri. Mazoea.)

Swali langu ni moja. Gari ambalo pembe zake zote ziko sawa linajuaje hii ni kulia na hii ni kushoto?

Kijana_wa_Jinja

Mzee wangu, hiyo mota ya brashi mwachie mtoto. Weka isiyo na brashi, ya mizunguko 13.5 ya waya, na spidi kontroli yake. Mimi ninayo iliyotumika miezi mitatu, tukielewana naituma kwa boda hadi stendi. Halafu difu ya nyuma ijaze grisi nzito, mkia utakaa.

Fundi_Ndeeba

Asante mwanangu, lakini fikiri pamoja nami. Mota ni moja, iko kwa kona zote. Difu ya nyuma ni moja, haibagui. Ingekuwa grisi, mkia ungeteleza kushoto na kulia. Mimi natafuta kitu kinachojua upande. Kuhusu bei ya mota, niandikie pembeni, mama watoto asione hapa.

Afande_Mstaafu

Fundi, salaam kutoka Bombo. Mimi nilikuwa kwenye mawasiliano, kwa hiyo naanza na redio. Usifungue skrubu hata moja kabla ya kumaliza haya.

Washa rimoti, rudisha trimu ya usukani (ile ya kunyoosha gari kidogokidogo) kwenye sifuri. Chomoa mkono wa servo, ile mota ndogo inayogeuza magurudumu. Iache servo ijikalishe katikati yenyewe, ndipo urudishe mkono ukiwa umesimama wima juu yake. Ukikosa jino moja, ukarekebisha kwa trimu, gari litakwenda sawa kwenye mstari lakini upande mmoja utakuwa na usukani mwingi kuliko mwingine.

Kisha kanyaga polepole kabisa, usukani wote kulia, chora mduara kwa chaki. Halafu wote kushoto. Pima miduara. Kama si sawa, ingia kwenye menyu ya mwisho wa mwendo wa servo, punguza upande unaokata zaidi, wenye mduara mdogo, hadi miduara ilingane. Usiongeze upande wenye usukani mdogo, punguza wenye mwingi, servo isije ikawa inasukuma plastiki.

Na nijibu hili: trimu yako sasa hivi iko wapi? Watu wanaipapasa tu siku zote hadi gari linyooke, kisha wanasahau kwamba ile namba ni ripoti.

Fundi_Ndeeba

Afande, nimeitazama sasa hivi. Mibofyo mitano kushoto. Sikumbuki kuiweka.

Mama_Kapeti

Fundi, mimi niko Entebbe. Mchezo huu nilijifunzia Dubai nilipokuwa kazini huko, ndani ya ukumbi, juu ya kapeti, na huko ukiwa na gari linalobagua upande hata mazoezi hulimalizi. Afande amesema kweli, anza na ya redio. Lakini naona kuna jingine chini yake.

Umepima pembe. Je, umepima mzigo? Gari lina miguu minne. Stuli ya jikoni yenye mguu mmoja mrefu, unajua inavyokaa: mguu mrefu na ule wa mkabala wake, kona kwa kona, vinabeba kila kitu, miwili mingine inapapasa hewa. Gari lina springi, kwa hiyo halitikisiki kama stuli, linakuficha. Matairi yote yanagusa chini, uzi wako unanyooka, kekee yako inapita katikati, na huku tairi mbili za mkabala zimebebeshwa na mbili zinapumzika. Sisi tunaiita twiki.

Kipimo chake ni cha bure. Toa bodi, acha betri ndani, weka gari juu ya kioo au kipande cha graniti kilicholazwa kwa pima maji. Meza ya mbao usiiamini. Bonyeza gari chini mara tatu uliachie lijikalishe. Chukua ncha ya bisibisi, iweke chini ya pua katikati kabisa, pale kwenye mstari wa chesi (fremu ya gari), inua polepole mno. Tazama tairi za mbele: zinatakiwa ziachane na kioo pamoja. Moja ikitangulia, hiyo ndiyo iliyokuwa haina mzigo. Nenda nyuma, rudia.

Na nikikusoma vizuri, kwako mbele itatangulia kushoto, nyuma itatangulia kulia. Ukikata kulia, uzito unalala upande wa kushoto wa gari. Kama kushoto-nyuma tayari ilikuwa imebebeshwa kupita kiasi na kushoto-mbele ilikuwa nyepesi, tairi ya nyuma ndiyo inayolemewa kwanza, inaachia, mkia unakwenda. Ukikata kushoto mambo yanapinduka, nyuma inatulia na pua ndiyo inayokuwa mvivu. Si ndivyo ulivyosema, "kama lori lenye mzigo"?

Kabla ya kurekebisha chochote, toa springi zote nne, uinue kila mkono na kuuachia. Unatakiwa uanguke wenyewe. Skrubu ya bawaba iliyokazwa mno inaweza kukupa ugonjwa huohuo, na ukiifidia kwa springi utakuwa umefunika kidonda. Hakikisha shokamzoba za nyuma zina urefu mmoja zikiwa zimenyooka, za mbele hali kadhalika. Na bodi: tazama ndani ya matao ya magurudumu kama kuna alama nyeusi ya mpira upande mmoja. Nimewahi kuhangaika mwezi mzima na gari la shemeji yangu, kumbe tairi ilikuwa inalamba bodi.

Wewe Kijana wa Jinja, grisi nzito nyuma ndiyo itamrusha kabisa. Ukitaka kukaza difu, kaza ya mbele. Ya nyuma iache iwe laini, hasa kwenye lami yenye vumbi.

Kijana_wa_Jinja

Nimekoma dada 😄 Lakini mota bado ipo.

Fundi_Ndeeba

Nimerudi. Niko na habari na niko na aibu, nianze na ipi?

Alhamisi jioni, wateja walipokwisha, nilifagia sakafu ya gereji nikaanza na ya Afande. Mduara wa kushoto sentimita 190, wa kulia 170. Mkono wa servo ulikuwa umeruka jino moja, kama alivyosema. Nikausimamisha, trimu sifuri, nikapunguza kulia hadi miduara yote ikawa 190. Nikalitoa nje, nikalikimbiza kati ya Noah mbili za watu. Kulia limepoa kidogo. Kidogo tu. Mkia bado unauliza swali kila nikikata.

Jirani yangu anauza vioo vya madirisha. Nikaazima kipande cha milimita 8, nikakilaza juu ya benchi, pima maji huku na huku, nikakitegemeza kwa karatasi za risiti hadi puvu likasimama katikati. Springi nje, mikono inaanguka yote, hakuna inayokwama. Bodi safi, haina alama. Springi ndani. Nikabonyeza mara tatu, bisibisi chini ya pua.

Banange. Ya kushoto ikaondoka mapema hadi ningeweza kupitisha kucha chini yake, na ya kulia bado imelala kwenye kioo kama imegundishwa. Nikaenda nyuma. Ya kulia ikatangulia. Mama Kapeti, wewe uko Entebbe, gari langu hujaliona, umejuaje? Nilikaa kwenye tairi la pikapu dakika nzima bila kufanya kitu.

Sasa mimi ni mtu wa namba, ya kuona kwa macho hainitoshi. Dada mmoja hapo ng'ambo ya barabara anaoka keki, ana mizani mbili za kidijitali. Nikamwomba. Akaniuliza napima nini, nikamwambia gari, akatazama lile Ipsum lililokuwa juu ya jeki, akanitazama mimi. Mizani ni mbili na magurudumu ni manne, basi nikapasua vipande viwili vya mbao vyenye kimo sawa na mizani, nikaviweka chini ya magurudumu ya nyuma nikapima mbele, kisha nikageuza.

Kushoto-mbele gramu 310. Kulia-mbele 405. Kushoto-nyuma 430. Kulia-nyuma 345.

Nikajumlisha upande wa kushoto: 740. Upande wa kulia: 750. Gramu kumi! Ningepima kushoto kwa kulia peke yake ningefunga kazi nikaenda kula. Lakini ukijumlisha kwa mkabala, kulia-mbele na kushoto-nyuma ni 835, ile mingine miwili 655. Gramu 180 kwenye gari la kilo moja na nusu. Miaka yote hii napima pembe za magari ya watu, mzigo wa gurudumu moja moja sijawahi kuupima hata siku moja.

Haya, aibu. Zile shokamzoba zina vipete vya plastiki vya kubana springi, vinakuja vya unene tofauti. Siku niliyozifunga umeme ulikatika. Nilifanya kazi na tochi ya simu, simu yenyewe nimeing'ata. Tatu zina kipete cha milimita 1. Ya kushoto-nyuma ina cha milimita 3. Ni mimi. Hakuna mtu mwingine wa kumtupia.

Nikaweka cha milimita 1. Mizani ikasoma 355, 360, 385, 390. Jumlisheni wenyewe: kushoto bado 740, kulia bado 750, mbele bado 715. Kile kipete hakikuongeza uzito wala hakikuupunguza, kilikuwa kinauhamisha kwa mkabala tu. Hilo ndilo lililoninyima usingizi usiku ule, jinsi lilivyo rahisi.

Na usiku huohuo nikamkumbuka mteja. Mwaka juzi alikuja na Noah mara tatu. Gari lilikuwa limebadilishwa springi moja ya nyuma, moja tu, kwenye gereji nyingine, na yeye akawa anasema kona za upande mmoja gari halimpi amani. Mara zote tatu nikampimia pembe, nikamwonyesha karatasi, ziko sawa. Mara ya tatu nikamwambia ni barabara. Akalipa, hakurudi. Namba yake sina tena.

Jumapili sasa. Mvua ilinyesha usiku, vumbi likaenda, lami ikakauka kufikia saa nne. Ile kona ya geti: nimekata kulia, pua imeingia, mkia umefuata kama mtoto anayeshikwa mkono. Mizunguko 17 kwa dakika tano. Wiki iliyopita ilikuwa 14. Nimekuwa wa nne kati ya sita, na askari amesema kazi yake sasa imekuwa ya kuchosha.

Najua mvua imenisaidia, kwa hiyo sihesabu yote kuwa yangu. Lakini kushoto na kulia ni gari moja sasa.

Nimebakiwa na swali dogo. Kwenye mstari mrefu wananipita kama nimeegesha. Nikiweka pinioni, ile gia ndogo ya kwenye mota, ya meno mengi nitaua mota?

Afande_Mstaafu

Kazi safi. Trimu ikianza tena kutembea yenyewe kutoka sifuri, usiirudishe kimyakimya. Rudi kwenye kioo.

Mama_Kapeti

Fundi umenichekesha na hiyo simu mdomoni. Usijilaumu, unayo bahati kwamba ilikuwa kipete. Kwenye magari ya kapeti yenye chesi ya bamba jembamba la kaboni, ajali moja tu inalipinda, unafungua skrubu zote za bamba la juu na kuzikaza upya kwa zamu, kama nati za gurudumu.

Kuhusu pinioni. Chukua 70, gawanya kwa 22, zidisha kwa 2.6 ambayo ni gia ya ndani ya TT-02. Unapata 8.27. Maana yake mota inazunguka mara nane na zaidi ili gurudumu lizunguke mara moja. Pinioni kubwa inashusha hiyo namba, mwendo wa juu unapanda, na mota inabeba zaidi kila unapotoka kwenye kona. Panda jino moja tu, na uangalie kama kifungio cha mota chako kina tundu la pinioni hiyo, maana kwenye gari hilo mota haiwekwi popote unapotaka. Kimbia dakika tano, simama, shika mota. Ukishindwa kuacha kidole sekunde tatu, rudi ulikotoka. Brashi zikipata joto zinakwisha haraka, na maegesho yenu yana kona nyingi kuliko mistari. Mimi ningekaa na 22 mpaka uanze kuwa wa pili.

Halafu hiyo milimita 6 ya kimo, kama lami ina nyufa na tumbo haligusi, iache. Kama utasikia linakwaruza, panda hadi 7. Ukipanda, kipete kimoja kila kona, kona zote nne, mchana.

Kijana_wa_Jinja

Mchana 😂 Mzee, hizo mizani bado unazo? Nakuja Kampala Ijumaa, gari langu linavuta kushoto tangu Desemba, nilidhani ni upepo wa ziwa.

Fundi_Ndeeba

Njoo kabla ya saa kumi. Dada wa keki anazitaka Ijumaa jioni, ana harusi Jumamosi, keki ya ngazi tano, na amesema akikuta chembe ya mchanga kwenye mizani nitamlipa keki nzima. Lete kitambaa safi. Na mota nayo ilete, tuiangalie.